Eda ya Bi Khairat

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Khairat ni namna alivyochambua samaki. Nilikuwa nimefika Gando, Pemba, juma lile lile, mwalimu wa kike mgeni, nimepangiwa kufundisha somo la Uraia katika skuli ya sekondari, na mwenye nyumba yangu, Mama Skolastika, alinipeleka kwa majirani zake ili nijulikane. Tuliwakuta wanawake wawili wa makamo wamekaa ukumbini, sinia ya wali na tasi wa kukaanga imewekwa katikati yao. Mmoja alikuwa mnene, mcheshi, akizungumza bila kupumzika. Wa pili alikuwa mrefu, mwembamba, kimya. Huyu wa pili alimchambua tasi kwa ncha za vidole, akitoa mwiba mmoja mmoja na kuuweka ukingoni mwa sinia. Nilidhani anajichambulia mwenyewe. Alipomaliza aliisogeza ile nyama nyeupe mpaka upande wa mwenzake, kisha akachukua samaki mwingine akamla yeye haraka haraka, pamoja na miiba yake.

"Karibu, mwalimu," alisema yule mcheshi, mkono wake ukipapasa sinia. "Macho yangu yameliwa na sukari. Huyu asingekuwapo ningekwishakufa kwa mwiba, wala si kwa maradhi."

"Kula," alisema Bi Khairat. "Maneno hayashibishi."

Yule mcheshi ndiye Bi Mwanapili, mwenye nyumba ile. Alifiwa na mumewe angali kijana, akaachiwa binti mmoja, Rahila. Bi Khairat alizaliwa Kiuyu, akaozwa Wingwi kwa mtu aliyekuwa akimpiga, na mtu yule alipomwacha alikuja Gando msimu wa karafuu kutafuta kazi ya kuchambua. Wanawake walikuwa wakikaa kwa safu juu ya majamvi, wakitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na yeye aliketi karibu na Mwanapili. Msimu ulipokwisha hakurudi Kiuyu. Walimlea Rahila pamoja mpaka akaolewa Unguja. Riziki yao ilikuwa mikeka: Bi Khairat alisuka ukili, yaani ile mikanda mirefu ya majani ya ukindu, na Bi Mwanapili aliishona mikanda hiyo ikawa mkeka mmoja. Macho yalipomtupa mkono aliendelea kushona kwa kupapasa, na kila mara alishona kombo, na kila mara Bi Khairat aliufumua mshono mwenzake akiwa amelala, akaushona upya, asiseme neno.

Watu wa Gando waliwaona hivyo kwa miaka mingi na hawakuuliza. Mjane na mtalaka kukaa nyumba moja ni jambo la kawaida. Waliitwa "wale wenzi", na neno hilo liliachwa lilivyo.

Mimi nilikuwa nikienda kwao kila alasiri baada ya skuli. Siku moja nilimkuta Bi Mwanapili ameiegemea redio yake kama anayetaka kuingia ndani.

"Mwalimu wa Uraia, njoo utufunze," aliniita kabla sijavua viatu. "Ati kuna nchi wanawake wawili huandikishana serikalini, lakini wamekatazwa kuoana. Sasa hicho wanachoandikishana ni kitu gani kama si ndoa? Leseni ya baskeli?"

Nilimweleza kama nilivyosomeshwa. Nchini Italia, kwa mfano, jambo hilo huitwa muungano wa kiraia: wawili hao hurithiana, hutambuliwa hospitali, mmoja akifa mwenzake hapotezi haki yake, lakini jina la ndoa sheria imewawekea mwanamume na mwanamke. Afrika Kusini wawili wenyewe huchagua jina, wakitaka ndoa, wakitaka ushirika wa kiraia. Kwetu, niliongeza kwa sauti ndogo, hakuna hili wala lile, na sheria ya adhabu inahesabu kuwa ni kosa hata kuishi hivyo.

Bi Mwanapili alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa bei sokoni. "Mie ningechukua hiyo ya Wataliana. Karatasi tu. Nikilazwa, aniuguzaye aingie. Nikifa, asifukuzwe. Jina la nini? Jina haliezeki nyumba."

"Mie siitaki," alisema Bi Khairat. Hakuinua uso kwenye ukili wake.

"Huitaki! Hujapewa, ushakataa?"

"Hata nikipewa. Jambo lisilo na jina, watu hulibandika jina lao."

"Kumbe weye wataka kuozwa kabisa. Haya, sema, mahari yako nini?"

"Ungenipa nini?"

"Ningekupa yule mbuzi wangu wa Wingwi."

"Mbuzi yule alikufa."

"Ndiyo maana hatukuoana!"

Walicheka mpaka Bi Mwanapili akapaliwa, na mwenzake akampiga mgongoni huku akimlaumu kwa kucheka na kitu mdomoni. Kisha Bi Khairat alinitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu mpaka nikaitikia kwa kichwa, na tangu alasiri ile hawakujificha nami.

"Usidhani sijui dini yangu," aliniambia nilipokuwa nikiaga. "Najua hakuna shehe atakayenioza, wala simlaumu. Lakini mtu akikukatalia hodi, bora akukatalie mlangoni pa nyumba kuliko kukukaribisha bandani."

Nilirudi nyumbani nikifikiri, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwamba kila tatizo lina ufumbuzi wake, nikautafuta. Niliupata. Sheria yetu ya mirathi inampa mtu ruhusa ya kuusia theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Nyumba ile ilikuwa mali ya Bi Mwanapili. Baada yake nusu ingekuwa ya Rahila, na iliyobaki ya kaka wa Bi Mwanapili, Bwana Kificho. Lakini kwa wasia, theluthi ingetengwa kwanza kwa Bi Khairat, mbele ya mashahidi, bila ya mtu yeyote kulazimika kueleza kwa nini.

Bi Mwanapili alifurahi hata akataka shehe aitwe siku ile ile.

"Wasia hupewa nani?" Bi Khairat aliniuliza.

"Mtu yeyote asiyerithi."

"Yaani mtu baki."

"Kwa lugha ya sheria, ndiyo."

"Basi sitaki."

"Khairat!" Bi Mwanapili aliinua mikono. "Huyu mtoto katuletea kamba, sie tumo kisimani, weye waitazama rangi!"

"Mke harithi kwa wasia. Mke ana fungu lake. Nikiupokea, nitakuwa nimesimama mbele ya mashahidi nikasema mie ni mtu baki kwako. Miaka yote hii, nije nimalizie hapo?"

"Na kaka yangu akikutoa?"

"Anitoe. Lakini sitajitoa mwenyewe."

Bi Mwanapili alimsihi siku ile, na siku nyingi baada yake. Alimsihi kwa mzaha, kwa hasira, mwisho kwa machozi. Bi Khairat aliendelea kusuka. Sijapata kuona mtu mkaidi kama yeye, na sijapata kuona ukaidi uliomgharimu mtu kiasi kile. Wasia haukuandikwa.

Wakati wa masika figo za Bi Mwanapili zilishindwa. Hospitali walimtaka ndugu wa kutia saini, akaitwa Bwana Kificho, na wanaoruhusiwa ndani walikuwa ndugu tu. Bi Khairat alikaa kwenye baraza ya nje, chupa ya uji mapajani, akiutoa nyumbani kila asubuhi na kuurudisha umepoa. Aliletewa habari na Bwana Kificho mwenyewe, aliyepita mbele yake akisema, "Amekwisha," kisha akaenda kutafuta gari.

Kwa kuwa ni mwanamke, hakuna aliyemzuia kuosha. Alikishika kichwa. Mama mmoja aliyekuwamo aliniambia kwamba alizifungua nywele za maiti na kuzisuka taratibu mno, mpaka mwoshaji akamwambia, "Bi Khairat, wanaume wanangoja nje." Jeneza lilipoondoka, Rahila aliketi juu ya mkeka wa wafiwa, na wanawake wakawa wanamwendea mmoja mmoja kumpa mkono. Bi Khairat alikuwa uwani, akipuliza moto chini ya sufuria ya chai pamoja na majirani. Wageni waliompita walimwambia, "Pole, Bi Khairat, umepotewa na jirani mwema." Naye akaitikia, "Tushapoa," akaongeza kuni.

Matanga yalipoanuliwa na Rahila kurudi Unguja kwa mumewe, Yussuf, nilidhani mabaya yamekwisha. Bi Khairat alizikunja kanga zake zote za rangi, akazifunga kwa kamba, akaziweka juu ya kabati. Akabaki na mbili kuukuu, zilizofuliwa mpaka maua yake yakafa. Akautoa wanja wake na chetezo cha udi, akampa Mama Skolastika amwekee. Kisha akaingia chumba chake na Bi Mwanapili na hakutoka tena, hata barazani.

Jirani yake, Bi Rahma, alikuja kumtafuta kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Mimi nilikuwapo.

"Mbona hukuja kupepeta mchele, shoga? Twakungoja tangu asubuhi."

"Sitoki, Rahma. Nimo edani."

Bi Rahma alicheka. "Eda ya nani? Umeolewa lini nasi tusile pilau?"

"Ya Mwanapili."

Bi Rahma alibaki ameshika pazia, kicheko chake bado kimo usoni lakini macho yamekwisha kubadilika. Aliweka bakuli alilokuja nalo chini, akarudi kinyumenyume, akaondoka pasipo kuaga. Kabla ya magharibi Gando nzima ilikuwa na habari.

Ni vizuri nieleze kwa nini neno lile moja lilifanya kile ambacho miaka mingi ya chumba kimoja haikufanya. Kwetu mtu hufunikwa na kimya cha wenzake. Alimradi hukusema, jirani anaweza kukuona na asikuone. Lakini eda haina siri. Miezi minne na siku kumi ambazo mjane hukaa ndani, bila manukato, bila pambo, ni tangazo: hapa palikuwa na ndoa. Bi Khairat hakumtangazia mtu kwa mdomo. Alikaa tu. Na kwa kukaa huko aliwalazimisha watu waliokuwa wamemfunika wachague, ama waseme ni mjane, ama waseme ni mwongo. Wengi walisema maneno mengine, mabaya zaidi, ambayo sitayaandika.

Bwana Kificho alikuja na Shehe Abdulnasir. Walisimama ukumbini. Bi Khairat alikuwa chumbani nyuma ya pazia, mimi na Mama Skolastika tuko pamoja naye.

"Asalamu alaikum, Bi Khairat," alisema Shehe.

"Waalaikumu salaam, Shehe. Unisamehe, sitoki."

"Hatoki! Umemsikia?" Bwana Kificho alipaza sauti. "Dada yangu hakuwa na mke, yakhe! Alikuwa na mpangaji!"

"Taratibu, Kificho." Shehe alisogea karibu na pazia. Ni mzee wa sauti ya upole, aliyewasomesha Kurani watoto wa nusu ya kijiji. "Eda ina mwenyewe. Ni ya mke aliyefiwa na mume. Weye umefiwa na rafiki, na msiba wa rafiki ni siku tatu. Zimepita."

"Shehe, nilimkalia eda yule wa Wingwi aliponiacha. Yule aliyenivunja mkono. Nikaikaa Kiuyu, kwa mama yangu, mpaka ikaisha. Weye siku zile ukisomesha kule, ukaja ukaniombea dua. Wakumbuka?"

"Nakumbuka. Ile ilikuwa sheria."

"Najua ilikuwa sheria. Sasa nambie, na huyu nimweke wapi?"

Bwana Kificho ndiye aliyejibu kwa ajili ya Shehe.

"Warithi wa nyumba hii ni mimi na Rahila. Basi nataka iwe tupu. Mwambie atoke."

"Mwenye eda hatolewi nyumbani," alisema Shehe polepole.

"Kumbe unakubali yumo edani?"

"Sikusema hivyo."

"Basi atoke."

"Wala hilo sikulisema."

"Sasa umesema nini, Shehe?"

"Nimesema niache nifikiri!"

Mama Skolastika, ambaye hakuwa akielewa nusu ya maneno yale, alinibana mkono. Hatimaye Bwana Kificho alisema kwamba kituo cha polisi hakiko mbali, na kwamba mwanamke huyu amekwisha kukiri kwa kinywa chake.

"Ukilipeleka lake, umelipeleka na la dada yako," Shehe alimwambia. "Waliolala waache walale."

Hapo ndipo Bwana Kificho alipoacha kutaja polisi. Yeye si mtu katili. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia akijifuta uso kwa kofia yake, na ninaamini aibu ilikuwa ikimla kama ugonjwa. Walikubaliana pale pale ukumbini, kana kwamba sisi ndani hatupo: asiguswe mpaka muda upite, siku atakayotoka chumbani, atoke na nyumbani. Bwana Kificho akaongeza sharti moja, kwa kejeli zaidi kuliko kwa huruma.

"Rahila akija akamtoa eda kwa mkono wake mwenyewe, mie nitafunga mdomo, akae. Nusu ni yake, na aliyekufa ni mama yake. Lakini hatakuja. Nani atakuja kumtoa eda mtu kama huyu?"

Kwa asiyejua: mjane hatoki eda peke yake. Siku ikifika, mwanamke wa upande wa marehemu humwogesha, humvisha nguo mpya, humfukiza udi, humtia wanja, kisha humshika mkono mpaka kizingitini ili ulimwengu umwone. Asipopata wa kumshika, anaweza kuoga mwenyewe na kutoka, lakini hapo nani atajua alikuwa mjane?

Tangu siku ile maisha yake yamekuwa yakipungua. Wanawake waliokuwa wakinunua mikeka yake sasa hununua mjini Wete. Watoto waliokuwa wakimletea ukindu wamekatazwa. Kaka yake wa Kiuyu, Nyange, alituma ujumbe kwamba akitolewa Gando asishike njia ya kwao. Bwana Kificho alikuja akachukua kitanda, kabati na redio, vyote kwa haki yake, na Bi Khairat alikaa kwenye pembe ya chumba, uso ameugeuzia ukutani, mpaka wachukuzi walipomaliza. Sasa analala juu ya mkeka ambao haujakwisha kushonwa, nusu ya mikanda imelegea.

Anayemtekea maji na kumwendea sokoni ni Mama Skolastika, aliyekuja Pemba kutoka Kagera kumfuata mumewe, mtumishi wa serikali.

"Mimi mambo yenu siyaelewi," alimwambia siku moja, akimwekea sahani ya muhogo. "Na padri wetu akijua ninachokifanya hapa sijui kama atanipa komunyo. Lakini mwenye msiba anakula. Haya, kula."

"Weka hapo."

"Sikuja kuweka. Nimekuja kuangalia ukitafuna. Sina haraka, mume wangu yuko semina."

Bi Khairat alitafuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumwona akikaribia kutabasamu, na hata hivyo halikufika tabasamu lenyewe.

Amekonda. Kanga humzunguka mara mbili. Akiswali, akisujudu, huchelewa kuinuka, na mara moja nilimkimbilia nikidhani amezimia. Nilimwambia jambo lililokuwa likinikaa rohoni, kwamba kama angeukubali ule wasia, theluthi ya nyumba ingekuwa yake, na Bwana Kificho asingekuwa na la kusema.

"Ningekuwa na theluthi ya nyumba," alisema. "Kwa Mwanapili ningekuwa nani?"

Kisha akaniuliza, "Zile mbili ulizotufunza. Ile ya Wataliana, na ile nyingine ambayo yaitwa ndoa kabisa. Ipi yenye eda?"

Nilitamani kumdanganya. Sikuweza.

"Hakuna, Bi Khairat. Zote mbili ni za serikali. Zinatoa nyumba, mirathi, hospitali. Ile ya pili inatoa na jina. Lakini eda haimo katika hizo zote mbili."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba hata barabara ya mbali aliyoisikia kwa watu haifiki kwao.

"Basi hata huko nisingefika," alisema.

Nimesoma vitabu vyangu upya, nimepitia hoja za wanaosema karatasi inatosha na hoja za wanaosema bila ya jina hakuna usawa. Zote ni hoja nzuri, na wote hao wanabishania mlango ambao kwa Bi Khairat ni wa nyumba ya watu wengine. Nyumba yake ni hii ya Gando, ambayo Shehe wake ndiye huyu, dini yake ndiyo hii, na lugha pekee anayoijua ya kumlilia mtu ambaye yeye alimchambulia samaki, aliyekaa naye nusu ya umri wake, ni hiyo aliyokatazwa kuitumia.

Rahila alimpigia simu mwezi wa kwanza wa eda. Bi Khairat ndiye aliyemfunza kutembea, akamsuka nywele siku ya harusi yake, na Rahila tangu utotoni humwita mama mdogo. Nilikuwa nimeishika simu karibu na sikio lake, kwa hiyo nilisikia.

"Mama mdogo, unanifanyia nini? Wakwe zangu wamesikia. Yussuf hazungumzi nami. Kwa nini usingelia tu kama watu wote wanavyolia?"

"Nalia kama wanavyolia wajane, Rahila."

"Usiseme hivyo! Usiseme neno hilo kwenye simu!"

"Basi njoo nikwambie uso kwa uso."

Simu ilikatika, au aliikata. Baada ya hapo tulipiga, haikupokelewa. Tuliandika, haikujibiwa. Bi Khairat hakumlaumu hata mara moja. Kila nilipoingia aliuliza kwa macho, nami nilitikisa kichwa, naye akarudi kwenye ukili wake ambao hakuna wa kuununua.

Eda inakwisha Ijumaa hii. Bwana Kificho amekwisha kununua kufuli mpya. Mama Skolastika alimwona nayo dukani. Jana alimwambia Bi Khairat, "Usijali, mimi nitakuogesha. Maji ni maji."

"Weye ni jirani, Skolastika. Jirani bora niliyepata. Lakini ukinitoa weye, nitakuwa nimetoka kwa jirani."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja nitaoga, nitatoka. Kwenda wapi, sijui."

Alisema hivyo bila machozi, kwa sauti iliyochoka kabisa.

Leo asubuhi, nikiwa darasani, simu yangu ilipokea ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Nilitoka nje kuusikiliza. Sauti ya Rahila ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amejifungia mahali. "Mwalimu, mwambie mama mdogo, Yussuf hajanipa ruhusa. Nitamwomba tena. Nikija, nitakuja na boti ya Ijumaa asubuhi. Nisipokuja, msinipigie, msiniulize." Halafu nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto akilia, na ujumbe ukaisha.

Nilimsikilizisha Bi Khairat. Aliutaka urudiwe. Aliposikia mara ya pili aliinuka, akajishika ukuta, akamtaka Mama Skolastika amrudishie wanja wake na chetezo. Kisha akanituma Wete nikamnunulie kanga mpya, na akasisitiza iwe doti, isiwe kipande kimoja, na nisichague rangi ya uzee.

Nimeomba ruhusa skuli. Ijumaa nitaondoka na gari la alfajiri kwenda bandari ya Mkoani, nisimame pale abiria wanaposhukia, nitazame kila uso utakaotoka botini.